Aardwolf si "mbwa mwitu wa ardhini": ugomvi wangu na tafsiri tuliyoizoea

Ukisoma habari yoyote ya mnyama anayeitwa aardwolf, iwe kwenye kitabu cha wanyama wa mbugani, kwenye makala ya safari au kwenye kibao kilichobandikwa mbele ya banda lake, ndani ya sentensi tatu za kwanza utakutana na hii: jina limetoka Kiafrikana, aard ni ardhi, wolf ni mbwa mwitu, kwa hiyo aardwolf ni "mbwa mwitu wa ardhini". Kisha sentensi ya nne inakuja na kicheko cha chinichini: hata hivyo mnyama huyu si mbwa mwitu hata kidogo, ni jamaa wa fisi, walowezi walimkosea.

Mimi nina ugomvi na sentensi hizo zote mbili, na ukinivumilia kidogo utaona si ugomvi wa kutafuta neno tu. Ya kwanza ni kweli nusu. Ya pili ni uonevu.

Tuanze na mwenye jina kabla ya jina lenyewe, maana wengi wetu hatujawahi kumwona ingawa tunaishi naye. Ni mnyama wa kilo 8 hadi 12 hivi, yaani mzito kuliko paka wa nyumbani na mwepesi kuliko mbwa wetu wengi wa mtaani. Ana rangi ya nyasi kavu, milia myeusi ubavuni, masikio marefu yaliyochongoka, na manyoya marefu ya mgongoni ambayo akiogopa huyasimamisha yote hadi anaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Hutoka usiku. Yupo Afrika Kusini, Namibia, Botswana na Zimbabwe, halafu anapotea kabisa kwa umbali wa kama kilomita 1,500, anaibuka tena kwetu: Tanzania ya kaskazini, Kenya, kaskazini-mashariki mwa Uganda, Ethiopia, Somalia. Serengeti yumo. Ukimmulika na taa za gari unaweza kuapa kwamba umeona mtoto wa fisi milia.

Na chakula chake ndicho kinachonifanya nimpende. Anakula mchwa. Si mchwa pamoja na nyama, si mchwa wakati wa njaa. Karibu maisha yake yote ni mchwa, na hasa jenasi moja, Trinervitermes, wale wanaotoka usiku kwa makundi kuvuna nyasi juu ya ardhi. Hans Kruuk, ambaye watu wa Serengeti wanamkumbuka kwa utafiti wake wa fisi madoa, alichapisha mwaka 1972 pamoja na W. A. Sands makala kuhusu mnyama huyu kama mwindaji wa mchwa, katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki. Utafiti wa baadaye huko Afrika Kusini, karibu na Kimberley, ulionyesha anaweza kulamba hadi mchwa 300,000 kwa usiku mmoja. Kulamba, si kuchimba. Anasikiliza, ananusa, anafika penye mchwa waliojitokeza, anawafagia kwa ulimi mpana wenye mate ya kunata. Askari wa mchwa hao hurusha utomvu wenye kemikali za jamii ileile inayofanya tapentaini inuke, na wanyama wengi hawauwezi. Yeye anauvumilia. Askari wakizidi anaondoka, anaenda kundi lingine. Kichuguu hakiguswi, kwa hiyo kesho na keshokutwa bado ana mahali pa kula. Meno yake ya mashavuni yamebaki vijiti tu, vidogo na vimeachana. Hayawezi kutafuna mfupa wala nyama ngumu. Meno ya chonge bado anayo, lakini ni ya kupigania mpaka.

Sasa shika picha hiyo, turudi kwenye jina.

Mwaka 1652 Waholanzi wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki walifungua kituo kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Walitoka nchi ambayo mbwa mwitu halisi, yule wa Ulaya, bado alikuwepo porini na alikuwa anakula kondoo wa watu. Walipofika Rasi walimkuta mnyama wa usiku, mkubwa, mwenye sauti ya kutisha, anayekula kondoo wa watu. Mtu anafanya nini na mnyama ambaye hana jina lake? Anachukua jina la yule aliyekuwa anafanya kazi hiyo kwao. Fisi akaitwa wolf.

Hapa ndipo tafsiri yetu inapovunjika mguu. Katika Kiholanzi cha Rasi, na baadaye katika Kiafrikana kilichokua kutoka humo, wolf haikuwa jina la mbwa mwitu ambaye hakuwepo. Ilikuwa jina la fisi. Ushahidi umejaa. Fisi madoa aliitwa tierwolf. Fisi wa kahawia, yule anayezurura fukwe za Namibia akitafuta mizoga ya sili, ni strandwolf, yaani wolf wa ufukweni. Huko karibu na Vanrhynsdorp kuna mti mmoja wenye sumu kali ambao wafugaji walisaga mbegu zake na kuzipaka kwenye mizoga ili kuua fisi. Wataalamu wa mimea waliuita Hyaenanche, jina la Kigiriki lenye fisi ndani yake. Wenyeji wa Kiafrikana wana jina lenye wolf kwa mti huohuo: wolweboon, harage la wolf. Mti mmoja, sumu moja, mnyama mmoja, majina mawili. Mlima unakoota mti huo unaitwa Gifberg, Mlima wa Sumu, jambo ambalo halituhusu leo lakini siwezi kuliacha lipite.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye hadithi. Watoto wa Kiafrikana wamelelewa na hadithi za Jakkals na Wolf. Jakkals ni mjanja, mdogo wa mwili, mwenye maneno mengi. Wolf ni mkubwa, mlafi, na kila siku anaishia kupigwa kwa kosa alilofanya Jakkals. Hebu niambie, huyo Wolf humjui? Mpe jina la Fisi, mpe Jakkals jina la Sungura, na uko kwenye kibaraza cha bibi yako. Na kweli, hadithi hizo zilichanganyika na za Wakhoikhoi wa Rasi. Wilhelm Bleek alipochapisha mkusanyo wa hadithi zao mwaka 1864, fisi yumo humo akifanya ujinga wake uleule. Wolf wa Kiafrikana ni fisi aliyevaa jina la Kiholanzi.

Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiafrikana wa zamani aliposema aardwolf, kichwani mwake hapakuwa na mbwa wa theluji aliyepotea njia. Alikuwa anasema "fisi wa mashimoni". Aina ya fisi, ile inayolala chini ya ardhi. Tafsiri ya "mbwa mwitu wa ardhini" inachukua neno la Rasi na kulisoma kwa kamusi ya Amsterdam, halafu inamcheka mzungumzaji kwa kosa ambalo hakulifanya.

Na kama tunataka kweli kuhesabu makosa, tuhesabu vizuri. Mtu wa kwanza kumpa mnyama huyu jina la kisayansi alikuwa Msweden Anders Sparrman, mwaka 1783, baada ya safari zake kusini mwa Afrika. Alimwita Viverra cristata. Viverra ni jenasi ya fungo. Yaani mwanasayansi alimweka kwa fungo, na wachunga kondoo wakamweka kwa fisi. Ilipofika 1824 Mfaransa Isidore Geoffroy Saint-Hilaire akamtoa kwa fungo na kumpa jenasi yake peke yake, Proteles, jina linalomaanisha kitu kama "aliyekamilika mbele", kwa sababu miguu ya mbele ina vidole vitano na ya nyuma vinne, wakati fisi wengine wana vinne kote. Baada ya hapo wataalamu wengi wakampa hata familia yake mwenyewe, mbali na fisi. Ilichukua muda mrefu wa kulinganisha mafuvu, na baadaye vinasaba, mpaka ikakubalika kwa ujumla kwamba yumo ndani ya familia ya fisi, mmoja kati ya spishi nne zilizobaki duniani, ingawa ukoo wake ulijitenga na wengine zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita. Basi nani alikosea?

(Kwa wanaopenda kubishana: hata hilo jina la kisayansi halijatulia. Utakuta Proteles cristata na utakuta Proteles cristatus, kwa sababu watu hawakubaliani kama Proteles ni mwanamke au mwanamume katika sarufi. Kiswahili kingewaokoa, kwetu wote ni ngeli ya A-WA.)

Sitaki lakini nionekane nawapamba walowezi. Kiafrikana kina jina la pili la mnyama huyuhuyu, na ndilo wakulima wengi walilolitumia: maanhaarjakkals. Jakkals unamjua, ni bweha. Hapo sasa wamempeleka upande wa mbwa kabisa, na hilo halina utetezi wa kitaalamu, maana fisi wako upande wa paka na nguchiro, si upande wa mbwa. Jina hilo lina mtego mzuri kwa mtafsiri mvivu pia. Maan kwa Kiafrikana ni mwezi, haar ni nywele, na nimeshajiuliza siku gani nitakutana na mahali palipoandikwa "bweha mwenye nywele za mwezi". Lingekuwa jina zuri kweli. Ila maanhaar ni neno moja, maana yake ni manyoya ya shingoni kama ya simba au farasi. Bweha mwenye singa, basi. Mwezi haumo.

Na aard nayo ina mtego wake. Ukilifungua neno hilo peke yake kwenye kamusi ya Kiafrikana cha leo, maana utakayoipata mbele ni tabia, asili ya mtu. Ardhi ni aarde. Kwenye majina ya wanyama ni ardhi kweli, hakuna shaka, lakini unaona jinsi kamusi peke yake inavyoweza kumpoteza mtu. Kiafrikana cha sasa hata mhanga hakimwandiki aardvark tena, kinaandika erdvark. Tahajia ya zamani imebaki kwa Waingereza waliolichukua neno mapema na kuligandisha. Kwa hiyo dunia nzima inajifunza "neno la Kiafrikana" ambalo Waafrikana wenyewe hawaliandiki hivyo.

Hivi jina ni muhimu kiasi hicho? Nimeulizwa swali hili na rafiki anayesoma hisabati, ambaye kwake kitu kikiitwa x kimetosha. Jibu langu ni kondoo.

Kwenye mashamba ya kusini mnyama huyu amepigwa risasi na kukimbizwa na mbwa kwa kudhaniwa anakula wana-kondoo. Mnyama mwenye meno ya vijiti! Sisemi jina ndilo lililoshika bunduki. Mkulima aliyeamka na kukuta kondoo wamekufa, akaona kitu chenye milia na singa kikiingia shimoni, hakuhitaji kamusi. Lakini fikiria majina yote mawili aliyokuwa nayo mdomoni. Moja linasema wolf, yule mlafi wa hadithi anayestahili kipigo. La pili linasema jakkals, mwizi wa kondoo namba moja wa mashamba yale. Hakuna jina lililosema mchwa. Na Trinervitermes ni wavunaji wa nyasi, nyasi zilezile za kondoo. Mnyama aliyekuwa akipunguza washindani wa kondoo malishoni ndiye aliyeuawa kwa kuitwa adui wa kondoo. Kejeli haiishii hapo: adui mkubwa wa watoto wake ni bweha mgongo-mweusi, na dume la aardwolf hutumia saa nyingi za usiku likilinda shimo dhidi ya bweha, huku mwenyewe akiitwa bweha.

Leo kwa jumla spishi hii haihesabiwi kuwa hatarini. Sumu za kuua nzige na mchwa ni tatizo, magari barabarani usiku ni tatizo, mbwa ni tatizo. Ila nataka ukumbuke kwamba baadhi ya vifo vyake vilitokana na kudhaniwa mtu mwingine, na jina lilikuwa sehemu ya dhana hiyo.

Sasa tuje nyumbani, maana ni rahisi kukosoa lugha ya watu.

Sisi tunafanya mambo yaleyale ya Waholanzi, tena kwa raha. Wao walimkuta chui wakamwita tier, jina la chui milia wa Asia, ndiyo maana tierwolf ni fisi mwenye madoa kama ya chui. Sisi tulipomjua yule wa Asia tukageuza: tukamwita chui milia. Wao walimwona twiga wakasema kameelperd, ngamia-farasi. Sisi tulimwona yule mwenye mistari tukasema punda milia. Na kuna fisi maji, ambaye si fisi hata kidogo, ni mnyama wa mtoni anayekula samaki, kaa na vyura na ana undugu na nyegere. Sijawahi kumsikia mtu akiandika "fisi maji, jina linalotokana na kosa la Waswahili". Tunajua kwamba fisi katika jina hilo anafanya kazi ya jina, hasomeki kama cheti cha kuzaliwa. Heshima hiyohiyo naiombea wolf.

Halafu angalia kinachotokea tunapotafsiri kutoka Kiingereza. Mbwa mwitu kwa Kiswahili ana kazi mbili tayari. Kwenye Biblia na kwenye hadithi za Ulaya ni yule wa kijivu. Mbugani ni mwingine, yule mwenye masikio ya duara na mabaka ya rangi tatu, ambaye ni adimu na anahitaji kila msaada. Ukiandika "mbwa mwitu wa ardhini", mtoto wa darasa la tano hapati mbwa mwitu wa Ulaya kichwani. Anapata mbwa mwitu wa Serengeti aliyechimbiwa shimo. Tumemchukua fisi mla mchwa, tumempitisha kwa Waholanzi, Waingereza na sisi wenyewe, na ametoka upande wa pili akiwa mbwa.

Jina linalotumika zaidi kwa Kiswahili cha vitabu ni fisi mdogo. Kitaalamu ni jina sahihi kuliko yote niliyotaja hadi sasa: ni fisi, na ni mdogo. Ningeweza kuishia hapo. Lakini jaribu kulitumia kwenye sentensi. "Jana usiku tuliona fisi mdogo karibu na kambi." Umeona nini? Fisi wa madoa mwenye umri wa miezi mitano? Fisi milia aliyekonda? Jina ambalo haliwezi kusimama bila maelezo nyuma yake linabaki kuwa maelezo. Nimesoma ripoti za wanafunzi wenzangu ambamo "fisi mdogo" mstari wa kwanza ni spishi na mstari wa tatu ni mtoto, na mwandishi mwenyewe hakugundua.

Kuna kasoro nyingine, na hii inaniuma zaidi. Kwetu neno fisi lina mzigo. Fisi ni mlafi, fisi ni mwoga, fisi hupandwa na wachawi usiku, fisi ni mwanamume asiyemwacha msichana apite. Ukimwita mnyama huyu fisi umemweka kwenye familia yake halisi, sawa, na papo hapo umemrithisha madeni yote ya ukoo. Mtu anayemwona usiku nyuma ya boma anachokumbuka si vinasaba, ni hadithi. Kwa hiyo jina letu lililo sahihi linaweza kumfanyia hapa kile ambacho wolf ilimfanyia kule. Tena afadhali wolf, maana hao wa kule angalau tumezoea kuwalaumu.

Nilipokuwa nafikiria haya nilijaribu majina kadhaa. "Mla mchwa" halifai, mhanga naye atadai, na kakakuona pia. Mhanga kwanza ana bahati yake, jina lake limepata kazi ya pili kwenye magazeti kiasi kwamba kila mafuriko yakitokea tunasoma habari za "wahanga", na wazee wa lugha wanaugua. "Fisi singa" ni zuri masikioni lakini singa haimwambii mfugaji chochote. Nimeishia kwenye fisi mchwa, kwa mfano wa fisi maji: fisi, halafu mahali au kitu kinachomtofautisha. Mwenzangu mmoja amelipinga, anasema mtu atadhani ni aina ya mchwa mwenye tabia za fisi. Sawa. Hakuna anayedhani fisi maji ni aina ya maji. Ninalipendelea kwa sababu moja tu, kwamba jambo la kwanza mtu anapaswa kujua kuhusu mnyama huyu, kabla ya familia yake na kabla ya milia yake, ni kwamba mbuzi wako hawamhusu.

Na suala la jina huenda likatulazimu kulishughulikia mapema kuliko tulivyopanga. Nilitaja lile pengo la kilomita 1,500 kati ya aardwolf wa kusini na wa kwetu. Kwa muda mrefu waliwekwa kama nususpishi mbili za spishi moja, wa kwetu akiitwa septentrionalis, jina alilopewa na Rothschild mwaka 1902, maana yake "wa kaskazini". Mwaka 2021 Rémi Allio na wenzake walichapisha katika jarida la eLife kazi ambayo wanyama waliogongwa na magari barabarani kusini mwa Afrika walitumika kupata jenomu nzima, yaani mizoga ambayo sisi wengine tungeipita tu. Walilinganisha wanyama wawili wenye mtawanyiko wa namna moja, kusini na mashariki na pengo katikati: aardwolf na bweha masikio. Wa bweha masikio tofauti zake zilionekana za kawaida, za ndani ya spishi moja. Za aardwolf zilikuwa kubwa kiasi kwamba watafiti hao walipendekeza wa mashariki ahesabiwe spishi kamili, Proteles septentrionalis.

Pendekezo si uamuzi, na mifano ya upande wetu iliyotumika ni michache mno kwa ladha yangu. Nisingependa kuona spishi inasimama kwa mguu mmoja. Wale wa Laikipia, wa Serengeti na wa Ethiopia wapimwe, ndipo tuzungumze. Lakini chukulia limepita. Jina la Kiafrikana litabaki kuwa la yule wa kusini, kwa haki kabisa, maana ndiye waliyemwona. Wetu ataitwa kwa Kilatini "wa kaskazini", jambo la kuchekesha kidogo ukiwa umesimama Simanjiro. Na kwa Kiingereza tayari wanaandika aardwolf wa mashariki, kwa hiyo kwa kasi tunayoijua, kitabu kijacho cha watoto kitakuwa na "mbwa mwitu wa ardhini wa mashariki", maneno sita ya kumtaja mnyama ambaye hayuko hata katika neno moja kati yake, isipokuwa labda mashariki.

Kabla hatujafika huko, kuna watu wa kuulizwa ambao si kamusi. Mnyama huyu anaishi kwenye nchi za wafugaji: Longido, Simanjiro, Kajiado, Laikipia, kote huko. Watu wanaokesha na mifugo wamemwona mara nyingi kuliko mtafiti yeyote, na wanajua kama akikutana na boma anapita au anasimama. Kama umekulia huko, waulize wazee wanamwitaje, na uulize pia kama jina hilo ni la mnyama huyu peke yake au wanaligawa na fisi milia. Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Usiwaonyeshe picha kabla hawajakueleza anavyotembea na anakula nini, maana ukitanguliza picha utapata jina la picha.